Mwenye elfu ishirini naye anataka kulipa mkopo wa chuo, mumfungulie mlango

Ndugu Mhariri,

Salaam nyingi kutoka Tanga. Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua, na ukiona ndefu kata unapotaka ila usinikatie pale kwenye elfu ishirini maana ndio kilichonifanya nikae niandike.

Mie nina steshenari huku Ngamiani, kompyuta mbili, printa, fotokopi na skana moja inayogoma joto likizidi. Kazi yangu kubwa ni barua za maombi ya kazi, CV, vitambulisho vya mpiga kura kutolewa kopi, kadi za harusi, na kuanzia Juni mpaka Agosti huko dirisha la mikopo ya elimu ya juu likiwa wazi basi duka linajaa watoto wa fomu siksi na wazazi wao mpaka wengine wanasubiri barazani. Kwahiyo hii habari ya wadaiwa sugu, waliosoma kwa mikopo hiyo wakakaa bila kulipa, inayoandikwa kila mwaka magazetini, majina yanatangazwa, watu wanaambiwa na Bodi ya Mikopo wafichuane eti uwe hero wa madogo wanaosubiri mkopo, mie naiona kwa pande zote mbili, namuona mtoto siku anayoomba na namuona akirudi baada ya miaka amevaa koti la bodaboda kaja kuprinti CV. Na ninachotaka kusema ni kimoja tu: wapo wengi wanaotaka kulipa, ila sheria imewawekea kiwango cha chini cha laki moja kwa mwezi ambacho hawakifikii, sasa wameamua kutolipa kabisa. Hela inapotea hapo.

Nianze na siku ya kuomba. Mtoto anakuja na namba yake ya mtihani wa fomu foo, na cheti cha kuzaliwa ambacho lazima kihakikiwe na RITA, wale wa serikali wanaosajili vizazi, kwanza, hapo tu kuna wanaokwama wiki nzima kwasababu jina la cheti na jina la shule haviendani, huku Mwanahamisi kule Mwanahamis. Afu kuna elfu 30 ya maombi inalipwa kwa kontroo namba, kuna picha pasipoti, kuna kitambulisho cha mdhamini, fomu ikishaprintiwa inapelekwa serikali ya mtaa mwenyekiti agonge mhuri, inatoka hapo inakwenda kwa wakili au kamishna wa viapo naye ana chake, inarudi kwangu naskani zile kurasa zenye saini tunapakia. Hapo mzazi keshatoboka hela ya wiki mbili na mkopo wenyewe hajui kama utatoka.

Sasa katika purukushani zote hizo hakuna anayesoma. Nasema ukweli, mkataba upo pale, umeandikwa, unasema hii hela utairejesha na itakatwa vipi, lakini mtoto macho yake yako kwenye tiki ya kijani kwenye skrini basi. Msimu uliopita alikuja mama mmoja anauza samaki Deep Sea, kaja na kijana wake, ndio mdhamini. Kusaini hajui, anaweka dole. Nikamsogezea pedi ya wino, akanyoosha gumba afu akalirudisha.

"Hapa naweka kwa ajili ya nini mwanangu?"

Kijana akamwambia mama weka tu, ni mambo ya chuo. Nikamwambia hapana, ngoja nikusomee. Nikamsomea pale kwenye mdhamini, kwamba na yeye anaingia ahadi kuhusu deni hilo, sio anamtambulisha mtoto tu. Mama akanyamaza kidogo akamgeukia mwanawe, "Basi ukipata kazi uanze na hao, kabla hujaninunulia mie kanga." Akaweka dole. Huyo mama nakwambia kaelewa mkataba kuliko wahitimu wangapi sijui ninaowajua.

Na hilo la kusoma mkataba sio la kulaumu watoto peke yao. Wenyeviti wa mitaa wanagonga mihuri kama wanahesabiwa, mawakili wanaweka saini bila kuuliza mtoto umeelewa, na mashuleni kwetu huku, Usagara, Galanos, Popatlal, Tanga Ufundi, mtoto anafundishwa kila kitu ila hesabu ya mkopo wake mwenyewe hafundishwi. Hesabu yenyewe sio ngumu. Bumu, ile hela ya kujikimu, saivi ni elfu 10 kwa siku, ilipanda kutoka 8,500, kwahiyo ya siku sitini ni laki sita. Ukipokea mara nne kwa mwaka hiyo ni milioni mbili na laki nne, miaka mitatu milioni saba na laki mbili, na hapo hujagusa ada, hujagusa vitabu, hujagusa hela ya fildi. Mtu wa kozi ya kawaida kabisa anaweza kumaliza akiwa anadaiwa milioni kumi na kitu. Ukimwambia hivo mtoto wa miaka kumi na tisa siku ya kuomba hatoacha kuomba, na wala asiache, ila atajua.

Sitaki nionekane naiponda Bodi. Bila hiyo mikopo nusu ya wateja wangu wasingekanyaga chuo. Bodi ya Mikopo imeundwa kwa sheria ya mwaka 2004 ikaanza kazi 2005, ingawa mikopo yenyewe ni ya kuanzia 1994 na waliokopa wakati huo nao wanadaiwa, wengine saivi wanakaribia kustaafu. Tangu 2023/24 hata wa stashahada wameanza kupata kwenye baadhi ya fani, hilo jambo kubwa sana kwa watu wa mikoani. Na nikupe lingine la kusifu. Ile tozo ya kulinda thamani ya mkopo, asilimia 6 kila mwaka, Rais Samia aliitamka kuiondoa Mei Mosi ya 2021 kule Mwanza, na ile adhabu ya asilimia 10 ya waliochelewa kuanza kulipa nayo ikaondolewa mwaka huohuo. Watu wakubwa wanaona hilo ni dogo. Sio dogo. Mwalimu wa digrii mwenye mshahara wa msingi wa laki saba anakatwa asilimia 15 ambayo ni laki na elfu tano kwa mwezi, kwa mwaka ni milioni moja laki mbili na sitini. Sasa kama deni ni milioni kumi ile asilimia 6 peke yake ilikuwa laki sita kwa mwaka, yaani karibu nusu ya alichokatwa inaishia kwenye tozo. Mtu analipa anachoka anaangalia salio kama halijasogea. Wateja wangu walikuwa wananiomba niwaangalizie tena, anti umesoma vizuri kweli? Nilikuwa nimesoma vizuri.

Halafu huku kwetu kulikuwa na jambo jingine la hiyo asilimia 6 ambalo huko Dodoma sidhani kama waliliona uzito wake. Wengi huku ni Waislamu na nyongeza juu ya deni ni kitu cha kukutoa usingizi, kuna vijana waliacha kuomba kabisa, kuna baba mmoja mtaani kwangu alimzuia binti yake na binti alikuwa na divisheni wani. Na deni lenyewe kwetu lina adabu yake. Mtu akifa, kabla maiti haijaswaliwa anasimama mtu wa familia anatangaza, kama kuna mnayemdai marehemu asogee aonane na sisi. Watu wanasogea kweli, mwenye duka la jumla, mwenye mchezo wa kila mwezi, hata aliyemkopesha mafuta ya taa. Sasa mtu aliyelelewa hivo ukimwambia ni mdaiwa sugu asiyetaka kulipa unakuwa hujamjua. Ana sababu nyingine.

Tuje kwenye hiyo sababu. Kwa mwajiriwa njia iko wazi, hata kama inauma. Mwanzo makato yalikuwa asilimia 8, mabadiliko ya sheria ya 2016 yakapandisha mpaka 15. Kwa yule mwalimu wa laki saba ni kutoka elfu 56 kwenda laki na tano, na bado hajakatwa pensheni ya PSSSF elfu 35, bima ya afya elfu 21, chama cha wafanyakazi elfu 14, kodi kama elfu 49 hivi, anabaki na laki nne na sabini na kitu ya kula mwezi, kodi ya nyumba, na nauli kama kapangiwa huko Mkinga au Handeni. Mie binafsi naona asilimia 15 ni kubwa kwa anayeanza kazi, ingeanzia chini ikawa inapanda na mshahara, ila basi, angalau huyu analipa na deni lake linaisha, milioni kumi ni kama miaka minane. Mwajiri anatakiwa apeleke makato ndani ya siku 15 baada ya mwezi kuisha. Wapo wanaokata wasipeleke, namjua kijana mmoja alifundisha shule binafsi, siitaji, karatasi zake za mshahara zinaonyesha makato miezi chungu nzima na kwenye salio lake hamna kitu, sasa kaacha kazi na anatembea na bahasha. Mwajiri wa hivo ndio wa kufichuliwa, sio dogo wa bodaboda.

Sasa asiye na mwajiri. Sheria hiyohiyo ya 2016 inasema aliyejiajiri alipe asilimia 10 ya kipato chake kinachotozwa kodi au shilingi laki moja kwa mwezi, na laki moja ndio sakafu. Ukisharuka ile miaka miwili ya kupumua baada ya kumaliza chuo, unatakiwa uwe kwenye hiyo.

Laki moja kila mwezi, kwa mtu wa Tanga aliyejiajiri! Hebu tuangalie ni nani huyo. Kuna binti hapa jirani, digrii ya ualimu, Kiswahili na historia, kamaliza mwaka wake wa nne mtaani. Kila ajira zikitangazwa anakuja kwangu tunaingia kwenye mfumo wa ajira tunapakia vyeti, tumepakia mpaka vyeti vyake navikumbuka kwa sura. Wakati anasubiri anashona. Ana cherehani yake na anakodi frem elfu hamsini, ana daftari kubwa la kaunta anaandika kila kitu, siku moja kaja nalo nimtolee kopi ya kurasa za kikundi nikamuomba nione. Gauni la dera elfu sita, kupunguza suruali elfu moja, sare za shule Januari zinamnyanyua, Februari mpaka Machi mstari unakaa mtupu siku tatu nne, Ramadhani inapaa mpaka analala kwenye mashine, baada ya Idi kimya. Ukitoa frem, umeme, nyuzi, na mia tano mia tano za mchezo, mwezi mzuri anabaki na laki moja na nusu, mwezi mbaya hata elfu sabini. Nikamuuliza sasa na Bodi je? Akaniambia:

"Anti, mie elfu ishirini natoa kila mwezi, hata leo. Ila sheria inasema laki. Nikipeleka ishirini si nitakuwa nimejitokeza, wamenijua niko wapi, afu nimelipa pungufu? Bora nikae kimya mpaka nipate ajira."

Hilo jibu nimelisikia kwa watu wengi mpaka nimeacha kulishangaa. Sio kiburi hicho jamani, mtu kapiga hesabu yake. Akijitokeza na elfu ishirini anajiona mkosaji mwenye anwani, akinyamaza ni mkosaji asiyejulikana alipo. Wewe ungechagua lipi?

Na angalia serikali ileile inavojipinga yenyewe. TRA kwa mfanyabiashara mdogo, kama mauzo yako ya mwaka mzima hayazidi milioni nne, haikudai kodi ya mapato hata senti, na hayo ni mauzo sio faida, wamekaa wakaona huyu hana kitu tumuache. Milioni nne kwa mwaka ni kama laki tatu na thelathini kwa mwezi. Mtu huyohuyo ambaye TRA imemuona hana uwezo wa kutoa kodi hata ya elfu moja, sheria ya mikopo inamtaka alipe milioni moja na laki mbili kwa mwaka. Karibu theluthi ya mauzo! Mwalimu mwenye ajira anakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, fundi cherehani asiye na ajira anatakiwa alipe asilimia 30 ya kilichoingia kwenye mfuko kabla hata hajanunua uzi. Sijui kama waliokaa kutunga walichukua kikokotozi, au laki moja kwao ilionekana ni hela ya chai.

Ninachoomba ni hiki, na ni kwa wabunge wetu kwasababu hiyo sakafu iko kwenye sheria na sheria wanabadilisha wao. Ondoeni sakafu ya laki moja kwa aliyejiajiri. Wekeni asilimia, hata 10 sawa, hata ile 15 ya mwajiriwa, ila ya kile anachobaki nacho, na ikishindikana kukijua basi wekeni kiwango kidogo kabisa cha kuanzia, elfu kumi, elfu ishirini, na mseme wazi kwamba anayelipa hicho mfululizo sio mdaiwa sugu, jina lake halitoki gazetini na hazuiwi kitu. Hiyo sentensi ya mwisho ndio yenye kazi. Watu hawaogopi kutoa elfu ishirini, wanaogopa kutoa elfu ishirini na bado wakaitwa wezi.

Na ilipwe kwa simu kama mtu ananunua umeme wa LUKU. Saivi nyote mnajua mikopo ya kausha damu ilivotapakaa mitaani, Makorora, Mabawa, Duga, Msambweni, akina mama wamekopa laki mbili wanarejesha elfu kadhaa kila siku, riba yake ni ukatili mtupu na vitanda vinabebwa. Siipendi na wala siitetei. Lakini jiulize kwanini wale wanalipwa, na hawana mahakama wala hawana mkataba wenye mhuri wa wakili. Ni kwasababu kiwango ni kidogo na kinafuatwa kila siku pale mtu alipo, mama anauza maandazi asubuhi saa tatu jamaa huyo na daftari, elfu tatu yangu. Hauliziwi laki moja mwisho wa mwezi, mwisho wa mwezi mtu wa biashara ndogo hana laki moja, hela yake inakuja kwa siku na inatoka kwa siku. Kama kausha damu wamelijua hilo na chombo cha umma chenye nia njema hakijalijua, hapo pana kazi.

Najua atatokea mtu aseme, haya elfu ishirini kwa mwezi ni laki mbili na arobaini kwa mwaka, deni la milioni kumi litachukua miaka arobaini na ushee, huyo si atakufa hajamaliza? Kweli, nimepiga hiyo hesabu. Ila sifuri kwa mwezi deni litaisha baada ya miaka mingapi? Maana hiyo ndio hela inayoingia saivi kutoka kwa huyu binti, sifuri. Na binti hatobaki kwenye elfu ishirini maisha yake yote. Atapata ajira siku moja au atafungua duka la pili, na akishakuwa ndani ya mfumo, namba yake ya simu ipo, NIDA yake ipo, kazoea kulipa, kumpandisha ni rahisi. Aliyejificha miaka kumi ndio kazi kumtoa, na akitoka anatoka na hasira.

Wengine watasema ukiondoa sakafu kila mtu atajifanya maskini, mwenye maduka matatu Kariakoo naye atalipa elfu ishirini. Huyo mwenye maduka matatu ana namba ya mlipakodi, ana mashine ya risiti, ana leseni, akinunua gari linasomeka. Wafuate huyo kwa asilimia 10 yake ya kweli, ambayo inaweza kuwa laki tano kwa mwezi. Ila msitumie tochi ya kumtafutia huyo kummulika fundi cherehani wa Ngamiani.

Kuna wazee barazani pia, hawa siwaachi, wao kila hili likitajwa wanasema sisi tulisoma bure na hatukulia lia. Ada walilipiwa kweli. Ila na wao kilichokuja baadae wasikisahau, mwaka 1966 ilikuja sheria ya wahitimu kwenda JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, miaka miwili, miezi ya mwanzo kambini na miezi kumi na nane kazini kwa asilimia 40 tu ya mshahara, na wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana mpaka Ikulu kuipinga, Mwalimu Nyerere akawafukuza akawarudisha makwao, siku hiyohiyo akapunguza na mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Kwahiyo taifa siku zote limetaka msomi arudishe kitu, na wasomi siku zote wamenung'unika, hamna jipya. Tofauti ni kwamba yule wa 1966 akitoka kambini kazi ilikuwa inamsubiri. Asilimia 40 ya mshahara ni mshahara. Huyu wa leo asilimia yoyote ya hakuna ni hakuna.

Watu wa upande wa pili wa mpaka wa Horohoro msidhani wanacheka. Nina ndugu Mombasa, kule Bodi yao ya HELB iliyoanzishwa 1995 wanalipa riba ya asilimia 4 kwa mwaka na ukichelewa faini ni shilingi elfu tano za Kenya kila mwezi, na ukikaribia kupewa kazi ya serikali unadaiwa cheti cha kuonyesha umejiweka sawa na Bodi. Sisi tozo ya 6 imetoka, tumewazidi hapo. Basi tumalizie na hili lililobaki.

Jambo dogo la mwisho ni kwa Bodi wenyewe. Njooni Tanga mwezi Mei, kabla dirisha halijafunguliwa, msije tu kuwaonyesha watoto namna ya kujaza fomu kwasababu kujaza wanajua na wasipojua mie nipo. Njooni na mfano mmoja wa mtu, milioni kumi, mshahara laki saba, fundi cherehani, dereva wa bajaji, muwaonyeshe kwa chaki ubaoni inavolipwa na inavochukua miaka mingapi, wazazi wawepo na wenyeviti wa mitaa wawepo, hata ukumbi wa shule unatosha. Na siku hiyo muanze na swali moja ambalo wateja wangu wananiuliza kila wiki na mie sina jibu la kusimamia: mtu aliyejiajiri akija kwenu leo na elfu ishirini, akasema nitaleta hii kila mwezi mpaka mambo yakae sawa, mnampokea na mnamuandika kuwa ni mlipaji, ndio au hapana? Jibuni hata kupitia gazeti hili, nitaikata nibandike ukutani juu ya printa.

Wako msomaji,
Mama wa Steshenari,
Ngamiani, Tanga.